Somo: Zoezi la kumimina katika chekechea ya Montessori, hatua kwa hatua

Swali la "nianze na nini wiki ya kwanza" limeulizwa hapa mara nyingi mno, hivyo nimeona heri niliandikie somo ili kuanzia sasa niwe nawaelekeza watu huku. Katika njia ya Montessori, ambapo mtoto hujifunza kwa kushika vifaa na kufanya mwenyewe, jibu langu ni kumimina kutoka jagi hadi jagi: kwanza nafaka, kisha maji.

1. Tafuta sinia dogo na majagi mawili yanayolingana kwa umbo na ukubwa, yawe ya kioo au ya udongo. Jagi la plastiki halimfundishi mtoto uangalifu, kwa kuwa halivunjiki.

2. Tia mchele katika jagi moja, usizidi nusu.

3. Weka sinia kwenye rafu ambayo mtoto anaifikia mwenyewe. Seti iwe moja tu kwa darasa zima. Anayeitaka asubiri mwenzake airudishe.

4. Mwalike mtoto, alibebe sinia hadi mezani, nawe ukae upande wa mkono anaoutumia.

5. Onyesha. Hapa ndipo zoezi huharibika, nami nasema kwa kujua. Shika mpini, tegemeza jagi kwa mkono wa pili, lipeleke juu ya lile tupu bila kuligusa, mimina polepole, subiri punje ya mwisho idondoke, ndipo ulisimamishe. Fanya yote bila kusema neno, kwa sababu mtoto wa miaka 3 akisikia maneno huinua macho kukutazama usoni na kuiacha mikono. Usimwambie "angalia usimwage". Punje zikianguka kwenye sinia, ziokote moja moja mbele yake kwa kidole gumba na cha shahada, kwa utulivu uleule, maana kuokota nako ni zoezi, na vidole hivyo ndivyo vitakavyoshika penseli. Zamu yake ikifika akamwaga, zuia mkono wako. Punje zilizo kwenye sinia zinamwonyesha kosa lake. Ukimwonyesha na wewe, kesho atamimina huku akikutazama.

6. Mwachie arudie kadiri apendavyo, kisha arudishe rafuni.

7. Akiumudu mchele, leta maji, sponji na kitambaa. Maji yakitiwa rosela kidogo, tone lililomwagika kwenye sinia jeupe huonekana mara moja.

MASWALI

Mzazi: Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, nimeanza naye kwa maharage. Ni sawa?

Jibu: Si sawa, na nimeandika miaka 3. Punje huishia puani, masikioni au kooni, na maharage mekundu mabichi yakitafunwa hudhuru tumbo. Yaondoe leo. Mpe vitu visivyoingia kinywani ahamishe kutoka kikapu hadi kikapu.

Mwanachama: Naomba orodha ya vifaa pamoja na bei.

Jibu: Orodha iko hatua ya 1, 2 na 7. Bei ulizia sokoni kwako.

Mwanachama: Hii Montessori ni ya watoto wa matajiri, sisi wa chekechea za mtaani inatuhusu nini?

Jibu: Ada za baadhi ya shule za mjini ndizo zinazowafanya watu waamini hivyo. Darasa la kwanza la Maria Montessori lilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907 mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa watoto wa vibarua ambao wazazi wao walishinda kazini. Vifaa vya mbao kweli ni ghali: mnara wa waridi, yaani michemraba ya rangi ya waridi ambayo mtoto huipanga mmoja juu ya mwingine, una michemraba 10, yenye upande wa sentimita 1 hadi 10, na unahitaji seremala hodari. Majagi mawili hayahitaji seremala.

Mzazi: Bibi yao amekasirika kuona mchele unachezewa.

Jibu: Bibi ana hoja, msibishane naye. Tumieni mchanga uliochekechwa, ukaoshwa na kuanikwa.

Mwalimu, Tanga: Mafunzoni tuliambiwa kila kitu kiende kushoto kwenda kulia, kwa ajili ya kusoma. Watoto wangu wengi jioni wako madrasa, ambako wanasoma kulia kwenda kushoto. Je, tunawachanganya?

Jibu: Ahsante, Mwalimu, kwa swali hili. Hatuwachanganyi. Utaratibu huo unafuata maandishi ya Kilatini, na katika kumimina hauna uzito mkubwa, kwa kuwa mtoto humimina kwenda na kurudi. Unafaa zaidi katika kupanga rafu, chepesi kushoto na kigumu kulia, na katika herufi za msasa, yaani herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa ili mtoto azipapase, ambapo kidole hujifunza mwendo wa herufi kabla ya penseli. Mtoto anayefuatisha "m" darasani na "mim" ya Kiarabu madrasani anajua kila moja inaanzia wapi, kama anavyojua mlango wa mbele na wa uani. Ukielewana na ustadhi, tengenezeni pamoja herufi za Kiarabu za msasa, zilizobandikwa kwenye kadibodi, naye awaonyeshe mwendo wake.

Mwalimu, Tanga: Nitamwendea Ijumaa. Msasa uwe wa aina gani?

Jibu: Laini. Upitishe kidole chako mara kadhaa. Kikianza kuuma, ni mkali mno kwao.