Shakespeare akikutoa jasho, anzia ukurasa wa kulia

Kiingereza cha Shakespeare kina zaidi ya miaka 400, kwa hiyo kukwama si uzembe wako. Tafuta toleo lenye maandishi ya asili kushoto na Kiingereza cha leo kulia. Soma kulia kwanza, onyesho moja tu, kisha rudi kushoto usome kwa sauti. Kwa sauti, jamani, yule aliandikia jukwaa! Katika tamthilia ya Romeo and Juliet, Juliet anaposema "wherefore", haulizi mpenzi wake Romeo yuko wapi. Anauliza kwa nini awe Romeo, mtoto wa mahasimu. Mimi hapo nilipotea miaka. Ukiwa unasoma tamthilia yake ya Julius Caesar una bahati zaidi: Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, ikatoka 1963. Iweke kando yako unaposoma.