Kuwapanga Wanafunzi Wawili Wawili Katika Somo la Kwanza la Programu

Mkufunzi wa chuo jijini Mwanza anayewafundisha wanaoanza Python, lugha ya kuandikia programu, awaweke wanafunzi wawili kwenye kompyuta moja: mmoja aandike msimbo, yaani maagizo ya programu, mwenzake asome kila mstari na kuuhoji, kisha wabadilishane baada ya dakika 15 hivi, maana asiyegusa kibodi husinzia. Wenye uzoefu unaokaribiana wapangwe pamoja. Bingwa akiunganishwa na mgeni, kazi yote huishia mikononi mwa bingwa. Zoezi la masharti, yaani la programu kuamua kwa kulinganisha, litoke ziwani: programu ipokee urefu wa sangara na kumkataa aliye chini ya sentimita 50, kipimo ambacho wavuvi wanakifahamu vyema. Alama ziwe za pamoja, lakini kila mwanafunzi aueleze msimbo huo kwa mdomo, mwenzake akiwa nje.