Somo: Kuunda gitaa kwa mikono yako, na swali la kuacha kazi

Swali hili huwa linanijia kwa maneno tofauti, maana moja: "Fundi, nimeunda gitaa, watu wamelisifia. Niache kazi nikae bandani?" Jibu langu huwa refu, ndiyo maana nimeamua kuliandika kama somo. Banda langu liko Morogoro, mji wa mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, na gitaa hapa ni jambo la heshima. Nataka vijana waunde magitaa. Sitaki waunde kwa njaa.

Hatua ya 1: Anza na gitaa bovu

Usinunue mbao kwanza. Tafuta gitaa lililovunjika. Yamejaa makanisani, kwenye stoo za bendi, chini ya vitanda vya watu. Toa nyuzi, ingiza kioo kidogo na tochi kwenye tundu, uangalie mbavu za ndani zilivyopangwa, gundi ilipoachia, ubao ulipobonyea. Nyuzi sita za chuma zinavuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70, mchana na usiku. Ukishaona kwa macho yako ni wapi mvuto huo ulishinda, utaelewa kwa nini gitaa huundwa lilivyoundwa.

Kisha lifufue. Sawazisha freti, vile vijiti vya chuma vilivyolala kwenye shingo, kwa tupa, shusha nyuzi, chonga kipande kipya cha mfupa cha pale juu ya shingo, nyuzi zinapopita. Mfupa wa paja la ng'ombe kutoka buchani unafaa kabisa, ukiuchemsha ukatoka mafuta na kuuanika vizuri. Fanya hivyo kwa magitaa matano. Kama kazi hii inakuchosha roho, kuunda magitaa ya kuuza hakutakupa raha. Nitaeleza sababu kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 2: Mbao, na subira yake

Hapa ndipo wengi huanguka, na mimi nilianguka. Gitaa langu la tatu nililifunga mwezi wa nne, masika yamepamba moto, kila kitu bandani kina unyevunyevu. Nikalipeleka kwa mteja Dodoma. Mwezi wa tisa akanitumia picha: ufa mwembamba kama uzi, kuanzia kwenye daraja, kile kipande cha usoni kinachoshika nyuzi, hadi ukingoni. Mbao ilikuwa imeshiba maji wakati naigundisha. Kule kwenye ukavu ikasinyaa, mbavu za ndani zikaishikilia isisogee, ikakosa pa kwenda, ikapasuka. Nilimrudishia pesa yake yote.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Mbao nikishaipasua nyembamba, naipanga juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, na naandika tarehe kwa penseli. Kila wiki naipima kwa mizani ya jikoni. Uzito ukiacha kushuka, nasubiri tena mwezi. Siku ya kugundisha nataka kipima unyevu kisome kati ya asilimia 45 na 50, kwa hiyo kazi ya gundi naifanya kiangazi. Mkiwa Pwani, ambako hewa haikauki hivyo, tengenezeni kabati lenye balbu ya wati 40 ndani, ile ya zamani inayotoa joto, mbao ilale humo siku kadhaa kabla ya gundi.

Mgongo na ubavu: mninga. Unarandika vizuri na hauchezichezi ukishakauka. Shingo: mkangazi ulionyooka nyuzinyuzi zake. Ubao wa vidole, pale unapobonyeza nyuzi: mpingo, mti mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Noa patasi kabla ya kuugusa na noa tena katikati ya kazi. Uso wa gitaa unataka mbao nyepesi lakini ngumu, unene wa milimita 2.5 hadi 3, na hapo ndipo sauti yote ilipo. Nunua mahali penye risiti na hati halali za misitu. Fundi anayenunua mpingo wa usiku anaumaliza mti unaomlisha.

Hatua ya 3: Freti ni hesabu

Pima urefu wa uzi kutoka kwenye mfupa wa juu hadi kwenye daraja. Tuseme milimita 650. Gawanya kwa 17.817, unapata 36.48: hapo ndipo inakaa freti ya kwanza. Kilichobaki, 613.52, gawanya tena kwa 17.817, unapata 34.43, umbali wa freti ya pili kutoka ya kwanza. Endelea hivyo hadi mwisho. Freti ya 12 lazima iangukie 325, katikati kamili. Isipoangukia hapo, rudia hesabu kabla ya kushika msumeno. Alama zote zipimwe kutoka sehemu moja, pale kwenye mfupa, maana ukipima freti hadi freti makosa madogomadogo yanajumlishana.

Hatua ya 4: Kufunga na kupaka

Gundi kidogo, klampu (vibanio) nyingi, haraka hakuna. Varnishi nyembamba, tabaka nyingi, msasa mlaini katikati. Usiache gitaa kwenye gari juani, gundi nyeupe hulainika na daraja linang'oka.

Hatua ya 5: Daftari

Hatua hii haihitaji chombo chochote, na hii ndiyo itakayokujibu swali lako. Andika kila saa unayofanya kazi, hata ya kunoa patasi. Gitaa langu la hivi karibuni lilikula saa 140. Vifaa vilinigharimu shilingi 350,000, nikaliuza 900,000. Imebaki 550,000, yaani chini kidogo ya shilingi 4,000 kwa saa, kabla ya umeme na kodi ya banda. Wiki hiyohiyo kijana wa kwaya aliniletea gitaa la kiwandani lililokuwa halishiki sauti. Mfupa mpya na kusawazisha freti, saa mbili, akanilipa 40,000. Hiyo ni 20,000 kwa saa.

Umeona ilipo riziki? Anayeishi kwa ufundi huu anaishi kwa matengenezo, na magitaa mapya huja polepole, jina linapokua. Hata Leo Fender alianza na duka la kutengeneza redio kule Fullerton, California, kabla dunia haijalijua gitaa lake.

Hatua ya 6: Magitaa matatu ya watu wengine

La kwako umeliunda upendavyo. Sasa unda matatu kwa oda, yenye tarehe ya kukabidhi na malipo ya nusu mkononi. Mteja atataka rangi usiyoipenda, shingo nyembamba kuliko unavyoshauri, na atapiga simu wakati wa chakula. Uyakabidhi yote kwa wakati, kisha ujiulize kama Jumatatu asubuhi bado una hamu ya kufungua banda. Kama hamu ipo na daftari linakubali, punguza siku za kazi yako taratibu. Kama hamu imekwisha, rudi kwenye Jumamosi zako bila aibu yoyote. Antonio de Torres, Mhispania ambaye umbo la gitaa lake ndilo mafundi wa gitaa la kiklasiki wanaliiga mpaka leo, aliwahi kuacha ufundi na kufungua duka la vyombo vya udongo kule Almería. Miaka ya 1870 akarudi kuunda, huku duka likiendelea. Na magitaa aliyounda kipindi hicho bado yanapigwa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kutoka Mbeya: Fundi, shikamoo. Paina ya Mufindi inafaa kwa uso wa gitaa?*

Marahaba. Inafaa, ila uchague sana. Tafuta ubao uliopasuliwa ili pete za mti zisimame wima ukiutazama kwenye ncha, pete zikaribiane, kusiwe na jicho wala utomvu. Ushike pembeni kwa vidole viwili, ugonge kwa kifundo. Ukijibu kwa mlio unaodumu, lipa. Ukisikia "pu", uache hapo. Katika mbao ishirini nachukua moja au mbili.

*Kutoka Mombasa: Sina mashine hata moja. Nianze na nini?*

Randa ndogo, patasi mbili, msumeno wa meno madogo, tupa, venia ya kupimia unene, na klampu nyingi kadiri uwezavyo. Klampu za ubavuni unaweza kujitengenezea kwa bolti ndefu na vipande vya mbao. Torres hakuwa na umeme, ndugu yangu. Mashine ya kwanza ununue kwa pesa ya matengenezo.

*Kutoka Muscat: Nina oda yako kichwani, ila naogopa forodha. Mpingo si umezuiwa?*

Haujapigwa marufuku, umewekewa masharti. Tangu mwaka 2017 jamii yote ya mpingo iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kwa miaka michache hata ala ilitakiwa kibali. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa sharti hilo. Mbao ghafi bado inataka kibali, na mninga nao uliingizwa kwenye orodha katika mkutano wa Panama mwaka 2022, kwa masharti yake tofauti. Kwa hiyo gitaa lako nitaliwekea ubao wa vidole wa mpingo, mgongo wa mbao isiyo na mlolongo huo, na risiti zote zitakuwa ndani ya kesi. Ukilipokea, usilitundike mbele ya kiyoyozi.

*Kutoka Dodoma: Mwanangu ana miaka 17. Hataki chuo, anataka kuunda magitaa tu. Nimkatalie?*

Mama, usimkatalie, na usimwachie hivihivi. Mpeleke VETA, chuo cha ufundi stadi, asome useremala, apate cheti. Seremala mwenye cheti ana milango, makochi na vitanda vya kumlisha wakati gitaa linasubiri mbao ikauke. Likizo aje kwangu. Nauli na chakula ni juu yako, kufundisha ni juu yangu. Mwezi wake wa kwanza hatagusa mbao mpya: atanoa patasi, atapima mbao kwa mizani kila Jumamosi na kuandika daftarini. Mwambie hivyo leo, kabla hajafunga begi.