Kabla wageni wa harusi hawajafika Kamalondo

Harusi ikikaribia, simu huanza: "Tukifika Lubumbashi tutembee wapi?" Anauliza shangazi wa bwana arusi kutoka Mbeya, anauliza shemeji wa Kinshasa, wanauliza vijana wa Ndola waliokua wakisikia habari za klabu ya mpira ya Mazembe. Nimekabidhiwa wageni katika harusi tatu za ukoo wetu. Katika ile ya kwanza niliandika orodha ndefu ya mji mzima, na karibu hakuna aliyekwenda popote. Mgeni wa harusi hana siku, ana vipenyo. Ana saa mbili kati ya komini, yaani ofisi ya serikali inakofungwa ndoa, na kanisa. Ana alasiri ya siku aliyofika, kabla hajaitwa kusalimia wazee. Ana asubuhi ya Jumapili, miguu ikiuma kwa dansi. Orodha inayomfaa ni ile inayoingia katika vipenyo hivyo, na kama harusi iko Kamalondo, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, Kongo, basi ni ya sehemu anazoweza kuzifikia bila kuukata mji wote.

Kabla ya kutaja sehemu hata moja, shughulikia saa. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Wa Zambia tunaenda nao sawa. Shemeji yetu wa Kinshasa alifika komini watu wameshatia sahihi, kwa sababu saa yake ya mkononi ilibaki ya kwao, na huzuni yake siku ile siwezi kuisahau. Tangu hapo kila ujumbe wangu kwa wageni unaanza na maneno haya: saa zote hapa ni za Lubumbashi. Kisha naandika 10:00 kwa tarakimu, si "saa nne", maana kuna anayehesabu saa kwa Kiswahili na kuna anayehesabu kwa Kifaransa.

Halafu tazama ratiba ya mpira. Uwanja wa TP Mazembe uko Kamalondo hapahapa. Ulifunguliwa 2011, unabeba watu wapatao 18,000, na siku ya mechi kubwa barabara za kuuzunguka hujaa watu waliovaa nyeusi na nyeupe. Msafara wa maarusi ukiingia humo hautoki upesi. Kama tarehe bado haijafungwa, uliza kwanza. Kama imeshafungwa, toa magari mapema. Lakini kwa mgeni uwanja huo ndio kipenyo cha kwanza ninachompendekezea, hata siku isiyo na mechi, hata kama ataishia kupiga picha nje. Hii ni klabu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara tano, 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na mwaka 2010 ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Usimwahidi mtu kuingia ndani kabla hujaenda mwenyewe kuuliza getini.

Kutoka uwanjani, watembeze kwa miguu. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaowapakia wageni garini moja kwa moja kwenda kwenye hoteli za katikati ya mji. Mji ulianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, ukawa Lubumbashi mwaka 1966, na Kamalondo, iliyoitwa Albert wakati wa Wabelgiji, ni kati ya mitaa ya kwanza kabisa waliyopangiwa Waafrika. Wazungu walikaa upande wao, na katikati palikuwa na ardhi iliyoachwa wazi kwa makusudi ili watu wasichanganyike. Haya yote mgeni hayaoni kwa macho asipoonyeshwa. Mtafute mzee mmoja wa mtaa, aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba, au ambaye baba yake aliifanya tangu ilipokuwa Union Minière, umwombe siku chache kabla, umwandalie kiti na kinywaji. Atawaonyesha bomba la moshi la kiwanda na kile kilima cheusi cha masalio ya shaba, atawaeleza nani alifanya kazi wapi. Nimeona wageni waliokuja na haraka wakikaa kwa mzee wa namna hiyo hadi giza linaingia.

Kuhusu chakula, nenda wewe kwanza. Nenda siku ileile ya wiki na saa ileile utakayowapeleka, kwa sababu nganda, yaani baa ya mtaani, iliyotulia Jumanne mchana huwa na spika mbili barabarani Jumamosi jioni. Tazama viti: shangazi wa miaka sabini hawezi kukaa saa nzima kwenye kiti kisicho na mgongo. Tazama choo, kivuli na maji ya kunawa. Muulize mchoma nyama kama ataweza watu kumi na wawili kwa mara moja, umwachie kitu cha kutangulia. Michopo, yaani nyama choma ya mbuzi, ikiwa moto, na pilipili pembeni, ndiyo inayowaunganisha wageni wote, lakini kama upande wa bwana arusi kuna Waislamu, ulizia mapema nani anachinja. Usingoje mtu aulize sahani ikiwa mbele yake, ni kumwaibisha.

Waandae pia kwa majina. Mtu wa Tanzania akisikia bukari na sombe hudhani ni vitu vigeni, kumbe ni ugali na kisamvu. Vinkubala, wale viwavi waliokaushwa, waambie kabla, na wasilazimishwe. Chikanda humfurahisha karibu kila mtu: inafanana na soseji nene iliyokatwa vipande, kumbe ni viazi vya okidi ya porini vilivyopondwa na karanga na pilipili. Munkoyo, kinywaji cha unga na mizizi, mnunulie mtu unayemjua usafi wake. Na kama harusi imeangukia wakati wa mvua, kati ya Desemba na Januari, wapitishe penye wauzaji wa bowa. Uyoga wa kichuguu wa huku hukua hata ukamzidi mtoto kichwa chake na mabega, na hakuna picha itakayotumwa nyumbani haraka kuliko hiyo.

Zawadi hutafutwa dakika za mwisho, na hapo ndipo watu huuziwa vibaya. Tenga saa moja Ijumaa kwa ajili ya malakiti, jiwe la kijani la mapambo, na picha za shaba ya kugongwa, na aende nao mwenyeji anayejua kupatana bei. Malakiti halisi ni nzito na baridi mkononi, mistari yake ya kijani haifanani. Ni jiwe laini, linakwaruzika na likianguka linapasuka, kwa hiyo weka magazeti ya kufungia ndani ya mfuko wako. Atakayetaka kuelewa ile misalaba midogo ya shaba anayoiona kwenye mapambo, mpeleke jumba la makumbusho la taifa: ilikuwa fedha ya watu wa huku kabla ya mkoloni. Wenye watoto, bustani ya wanyama inatosha.

Kuna mambo ambayo lazima mgeni ayajue kabla hajafunga sanduku. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huombwa uwanja wa ndege wa Luano na mpakani Kasumbalesa pia. Noti za dola zilizochanika hata kidogo hukataliwa, na kwa vitu vidogo abebe faranga. Asipige picha za uwanja wa ndege, stesheni, wala askari. Harusi nyingi huwekwa Julai na Agosti, shule zikiwa zimefungwa, na mji uko kwenye mita kama 1,200. Mwezi wa saba usiku joto linaweza kushuka chini ya digrii 10, kwa hiyo mama anayekuja na gauni la mabega wazi abebe shali. Simu zijazwe chaji mchana, umeme hukatika.

Usafiri wa usiku uuamue wewe. Manseba, yaani dereva wa bodaboda, na pikipiki yake ni msaada mkubwa mchana, lakini saa saba za usiku, mgeni amevaa viatu vya sherehe na hajui mtaa, sitaki apande. Tafuta madereva wawili wa teksi mnaowafahamu, mkubaliane bei siku moja kabla, na namba zao ziandikwe kwenye karatasi aliyonayo kila mgeni. Chini ya namba hizo mimi huandika pia jina la kanisa au shule iliyo karibu na nyumba yetu, kwa sababu Kamalondo dereva hakuulizi namba ya nyumba, anakuuliza uko karibu na nini. Wakishapewa karatasi hiyo, wapitishe njia mara moja kwa miguu jua likiwa bado juu, kutoka ukumbini hadi kwenye mlango watakaolala.