Jakuzi ya nyumbani: nionyeshe kwanza utaiweka wapi

Mwezi wa sita, baridi ya Lubumbashi ikianza kuuma, simu yangu haipumziki. "Fundi, nataka jakuzi," lile beseni kubwa la maji ya moto la kukaa watu. Mimi ni fundi wa mabomba, na rangi naiuliza mwisho. Nauliza kwanza: utaiweka wapi?

Papa mmoja wa mtaa wa Golf alinipandisha kwenye balkoni. Nikampigia hesabu palepale: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita 1,000 ni tani nzima, na bado watu wanne hawajaingia. Tukashuka uani, tukamwaga zege.

Swali la pili ni kura, umeme wenyewe. Jakuzi ya kupuliza inawavutia wapangaji kwa sababu ukihama unaikunja, unaondoka nayo. Ila hita yake mara nyingi ni ya kilowati 2 tu. Kutoa lita 1,000 kwenye digrii 18 hadi 38 kunakula kama kilowati-saa 23. Hizo ni saa kumi na mbili za kura isiyokatika, na unajua mwenyewe mtaani kwako inakatika mara ngapi. Jenereta ndogo ya kilowati 1 haitaisukuma hita hiyo, usijidanganye. Ukiichukua, nunua na kifuniko kizito. Joto jingi hutorokea juu.

Ya akriliki, plastiki ngumu, yenye majeti, yaani matundu yanayorusha maji kwa nguvu, ndiyo inayokanda mgongo vizuri, na kuta zake zina povu la kushika joto. Lakini inataka waya wake peke yake, waya wa kushusha umeme ardhini, na swichi inayojikata umeme unapovuja. Kama taa zako hufifia na kuwaka ovyo, tengeneza hilo kwanza, la sivyo pampu itaungua.

Mimi mwenyewe ningechukua ya mbao yenye jiko la kuni. Haimngojei mtu wa kura. Ukiwasha alasiri, jioni unaingia. Sharti ni moja: usiwashe kabla maji hayajalifunika jiko. Kijana wangu wa kazi aliwasha huku maji bado yanaingia, jiko likapinda na kuvuja. Na iwe nje, kwenye hewa. Moshi wa kuni au makala chumbani unaua.

Ya kujengwa kwa simenti na karo, yaani vigae, waachie wenye nyumba yao na subira. Ufa mmoja, unabomoa.

Angalia pia birika lako la chai. Likiwa na ukoko mweupe ndani, maji yako yana chokaa, na chokaa hiyo itaishika hita. Dawa ya kuua vijidudu, kama klorini, haikwepeki kwa aina yoyote, na maji yasizidi digrii 40. Mama mjamzito amuulize daktari kwanza.

Halafu pima geti. Niliwahi kupokea jakuzi ya akriliki yenye upana wa mita 2 mbele ya geti la mita 1 na nusu. Tulibomoa ukuta, na matofali alilipia mwenye nyumba.