Kumbukumbu Kubwa au Prosesa ya Kasi: Namna ya Kuamua Kabla ya Kununua Kompyuta

Mnunuzi ambaye fedha zake hazitoshi kupata kila kitu hujikuta mbele ya kompyuta mbili za bei ileile: moja ina prosesa (sehemu inayotekeleza amri za programu) ya daraja la juu na kumbukumbu ya gigabaiti 8, na nyingine ina prosesa ya kadiri na kumbukumbu ya gigabaiti 16. Wengi huchukua ile ya kwanza, kwa sababu jina la prosesa ndilo lililobandikwa kwenye mashine na ndilo muuzaji analolitaja kwanza. Kwa maoni yangu, uamuzi huo huwa na kasoro mara nyingi kuliko unavyokuwa sahihi, ingawa zipo kazi ambazo prosesa ndiyo inayostahili fedha hizo.

Kabla ya yote, ieleweke kwamba kumbukumbu inayozungumzwa hapa ni RAM, yaani mahali ambapo programu zilizofunguliwa hukaa wakati zinatumika, wala si nafasi ya kuhifadhia mafaili. Matangazo ya biashara hupenda kuchanganya mambo haya mawili, hivyo mtu anayeambiwa kuwa kompyuta ina "kumbukumbu ya gigabaiti 512" anapaswa kuuliza tena, kwa kuwa hiyo karibu kila mara ni diski.

Vitu hivi viwili havichangii kasi kwa namna moja. Kumbukumbu ama inatosha au haitoshi. Ikiwa kazi zako zinahitaji gigabaiti 6, kompyuta yenye 32 haitazifanya kwa kasi ya kutajika kuliko yenye 16. Lakini zikihitaji gigabaiti 10 na uliyonayo ni 8, mfumo wa uendeshaji hulazimika kuhamishia sehemu ya data kwenye diski na kuirudisha kila inapohitajika. Hapo ndipo kompyuta inapokwama. Kusoma data kutoka kwenye RAM huchukua takriban nanosekunde 100, kutoka kwenye SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) huchukua takriban mikrosekunde 100, na kutoka kwenye diski ya kuzunguka huchukua takriban milisekunde 10. Tukiukuza muda huo ili RAM ijibu kwa sekunde 1, SSD ingejibu baada ya dakika 17 hivi, na diski ya kuzunguka ingejibu baada ya zaidi ya siku nzima. Hakuna prosesa, hata iwe ghali namna gani, inayoweza kufidia pengo hilo, kwa maana inapoisubiri diski haina la kufanya. Prosesa kwa upande wake haina mpaka wa namna hiyo: ikiwa bora kwa asilimia 20, kazi inayoitegemea humalizika mapema kwa kiasi kinachokaribia hapo, na faida hiyo huendelea kupatikana kadiri unavyopanda daraja.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama kazi zako zinajaza kumbukumbu, na jibu lake hupatikana kwa kupima kwenye kompyuta unayoitumia sasa. Fungua kila kitu unachokifungua katika siku yako yenye kazi nyingi zaidi, pamoja na vile vichupo vya kivinjari unavyoviacha wazi wiki nzima, kisha endelea na kazi kwa muda wa nusu saa. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili uone matumizi ya kumbukumbu na ya prosesa. Kwenye kompyuta za Apple fungua Activity Monitor, ambako mchoro wa shinikizo la kumbukumbu huwa wa kijani hali ikiwa nzuri na hugeuka wa njano au mwekundu hali inapozidi kuwa mbaya. Kwenye Linux andika amri free -h, na uangalie kiasi kinachopatikana badala ya kile kilicho huru, kwa sababu Linux huitumia kumbukumbu isiyo na kazi kuhifadhi kwa muda mafaili yaliyosomwa karibuni. Kumbukumbu ikizidi asilimia 85 huku prosesa ikiwa imetulia, fedha ziende kwenye kumbukumbu.

Upande wa prosesa, usomaji huo una mtego. Programu ambayo haikuundwa kugawa kazi yake hutumia kiini kimoja tu, yaani kimojawapo cha vitengo vya kufanyia kazi vilivyomo ndani ya prosesa, na kwenye prosesa yenye njia 8 za kuendeshea kazi itaonekana ikitumia asilimia 12 au 13 peke yake, ingawa kiini hicho kimefika mwisho wa uwezo wake. Tazama basi mchoro wa kila kiini kwa nafasi yake. Ukiona kimoja kimejaa na vingine vimelala, unahitaji prosesa ambayo kila kiini chake ni chenye nguvu, na idadi ya viini haitakusaidia. Vikijaa vyote, kama inavyotokea wakati wa kubadilisha muundo wa video au kukokotoa picha za pande tatu, viini zaidi vitaleta nafuu. Usilinganishe prosesa kwa gigahezi (mabilioni ya mipigo kwa sekunde) pekee. Mwaka 2004 Pentium 4 ilikuwa imefikia gigahezi 3.8, na prosesa nyingi za leo zenye gigahezi chache kuliko hizo huiacha mbali, kwa sababu hufanya kazi nyingi zaidi katika kila mpigo.

Kwa anayeandika, anayesoma mtandaoni na kushiriki mikutano ya video, prosesa yoyote ya kadiri ya miaka ya karibuni inatosha. Windows 11 inadai gigabaiti 4 kama kiwango cha chini kabisa, lakini kiwango hicho ni cha kuiwasha, si cha kuifanyia kazi. 8 ni ya kuvumilia, na 16 ndiyo ninayoipendekeza. Anayeendesha mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi) au kuhariri picha kubwa zenye tabaka nyingi afikirie 32.

Jambo linaloweza kugeuza hesabu yote ni uwezekano wa kuongeza baadaye. Kwenye kompyuta nyingi za mezani kumbukumbu huongezwa kwa dakika chache, na hapo ni busara kununua prosesa bora leo na kuongeza RAM utakapopata fedha, ukizingatia kwamba vibao vya RAM vya kizazi cha DDR5 haviingii kwenye nafasi za kizazi kilichotangulia, DDR4. Kwenye laptopu nyingi nyembamba kumbukumbu imelehemiwa kwenye ubao mama na haiongezeki kamwe, nayo prosesa ya laptopu ni nadra kubadilika. Utakachonunua ndicho utakachokaa nacho hadi mwisho. Uliza kabla ya kulipa ni nafasi ngapi za kumbukumbu zilizopo, ngapi ziko wazi, na ubao unakubali kiasi gani kwa jumla. Na ikiwa mashine unayotaka kuibadilisha bado inatumia diski ya kuzunguka, weka SSD kwanza kisha upime upya, kwani huenda usihitaji kununua kompyuta nyingine kwa sasa.