Pick up, hang up, put off: jinsi ya kujifunza vitenzi vya Kiingereza vyenye vijineno

Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga chafya, na hakuna anayepigwa. Mgeni anayeshika maana ya "piga" peke yake atapotea. Kiingereza nacho kina tabia hiyo katika vitenzi ambavyo vitabu vya sarufi huviita phrasal verbs: kitenzi cha kawaida hufuatwa na kijineno (up, off, out, on), na maana inakuwa nyingine. Put ni kuweka, put off ni kuahirisha. Kwa hiyo maneno hayo mawili yajifunze kama neno moja.

Tayarisha daftari, simu inayorekodi sauti, na dakika 20 kila siku.

Hatua ya 1: Chagua vitenzi sita vya tukio moja. Wengi huanza na orodha ya get up, get over, get by, get on, na baada ya siku mbili vyote vimechanganyika kwa sababu vinafanana mno. Anza na tukio. Kwa mfano, mazungumzo ya simu: pick up (kupokea), hold on (kusubiri kidogo), get through (kumpata mtu hewani), cut off (kukatiwa mawasiliano), hang up (kukata simu), call back (kumpigia mtu aliyekupigia). Sita vinatosha kwa wiki nzima.

Hatua ya 2: Andika sentensi kamili. Chini yake andika Kiswahili chake, nacho kiwe sentensi. "We were cut off" ni "Simu ilikatika". Andika pia wakati uliopita, maana kinachobadilika ni kitenzi tu: picked up, hung up, got through. Kijineno hakiguswi.

Hatua ya 3: Tafuta mahali pa mtendwa. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo usiharakishe. Unaweza kusema "pick up the phone" au "pick the phone up". Lakini ukitumia kiwakilishi kama it, me au them, lazima kikae katikati: "pick it up", "call me back". "Pick up it" ni kosa, hata kama msikilizaji ataelewa.

Vipo vitenzi visivyokubali kutenganishwa, kama look after (kutunza): "look after the baby", "look after her". Huwezi kusema "look her after", kwa sababu after hapo ni kihusishi kilichoshikana na nomino inayofuata, kama "kwa" inavyoshikana na jina katika "kwa Juma". Kamusi za wanafunzi huonyesha jambo hili waziwazi. Ukiona "put sth off", sth (kitu) au sb (mtu) ikiwa katikati, kitenzi kinatenganika. Ukiona "look after sb", hakitenganiki. Nakili umbo hilo daftarini.

Vyenye vijineno viwili kwa kawaida havipasuliwi: run out of (kuishiwa), put up with (kuvumilia), look forward to (kusubiri kwa hamu). Hiki cha mwisho huwakwaza wengi. To yake ni kihusishi, kwa hiyo kitenzi kinachofuata huchukua -ing: "I look forward to meeting you", si "to meet you". Jipime kwa kuweka it: ikiwa "I look forward to it" inakubalika, basi tumia -ing.

Hatua ya 4: Sema kwa sauti na ujirekodi. Katika "pick it up", mkazo uko kwenye up, na maneno matatu huungana na kusikika karibu kama "pikitap". Sisi huwa tunaongeza irabu mwishoni mwa kila neno, "piki iti apu", na ndiyo maana wengi hushindwa pia kuvitambua wanapovisikia kwa wengine. Linganisha na "look at it", ambapo mkazo uko kwenye look. Rudia mara 10, kisha sikiliza rekodi.

Hatua ya 5: Jijaribu kutoka Kiswahili. Funika Kiingereza, soma Kiswahili, sema sentensi ndani ya sekunde tatu. Kwenda kinyume, kutoka Kiingereza, ni rahisi na hukudanganya kwamba umeshajua. Rudia kesho yake, siku ya 3, ya 7 na ya 21. Kilichokushinda kirudishe mwanzo.

Hatua ya 6: Chunguza vijineno vyenyewe. Fanya hivi ukishafikisha vitenzi kama 30, si kabla. Up mara nyingi huleta maana ya kumaliza kabisa: eat up, use up. Off huleta kutengana: take off (kuvua), cut off. Hata hivyo "the alarm went off" maana yake king'ora kimelia, hakikuzimika! Kisia, kisha hakikisha katika kamusi.

Usiongeze kijineno pasipohitajika: husemwa "cope with" (kumudu), si "cope up with". Na katika barua rasmi postpone hufaa kuliko put off, ingawa carry out (kutekeleza) na set up (kuanzisha) hukubalika hata katika ripoti za kitaalamu.